Msimu Niliobeba Bastola ya Orrin

Jumamosi, 6 Septemba

Msimu wa kuwinda kwa upinde umefunguliwa leo. Tangu alfajiri pikapu zinapita mbele ya nyumba yetu kuelekea mlimani, na kila dereva akifika hapa anapunguza mwendo ampungie Orrin mkono. Orrin amekaa barazani na kikombe chake katika mkono wa kushoto. Hapungi. Mkono wa kulia, uliobaki na vidole viwili tangu Oktoba iliyopita, ameufunika blanketi ingawa jua linawaka.

Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na sijawahi kuona siku kama ya leo ikimkuta mume wangu nyumbani.

Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Mwaka huu naenda mimi."

"Wapi?"

"Mlimani. Mwezi ujao bunduki zikiruhusiwa. Nimeshachukua kibali cha elki."

Alinigeuzia jicho lililobaki. "Marlys, mke wangu, wewe unapikia watoto wa shule makaroni. Elki ni kulungu mwenye ukubwa wa farasi. Nenda dukani ukanunue nyama ya ng'ombe kama watu."

"Nyama ya ng'ombe nimeichoka."

"Na dubu je?"

"Naye nimemchoka."

Aliingia ndani akafungulia televisheni sauti ya juu.

Jumapili, 7 Septemba

Lyle Brekke ameleta kuni. Kila Jumapili analeta kitu. Wiki iliyopita mayai, leo kuni, na kuni tunazo mpaka darini. Yeye na Orrin walianza darasa la kwanza pamoja. Hana mke. Kazi yake ni kufunga farasi viatu vya chuma, na mgongo wake umepinda kidogo kwa ajili hiyo.

Niandike hapa jinsi ilivyokuwa, maana bonde zima linaisimulia habari hii na kila mtu anatia chumvi yake. Oktoba iliyopita Orrin aliangusha elki katika Korongo la Tveit. Alipopiga magoti kumpasua, bastola iliyokuwa kifuani ikamsumbua. Akaivua na ala yake akaitundika kwenye tawi, hatua sita tu. Lyle alikuwa ameenda kuchukua msumeno. Dubu alitoka kwenye misonobari michanga bila hata kuvunja kijiti. Orrin anasema alihisi kwanza harufu, kisha uzito. Lyle alirudi mbio, akachomoa bastola yake, akapiga, na dubu akakimbia. Kisha Lyle akambeba mume wangu mgongoni maili mbili mpaka barabarani.

Dubu alichukua jicho na mkono. Lyle aliniachia mume. Hivyo ndivyo ninavyohesabu.

Nilimwambia Lyle nataka kwenda mlimani na ninahitaji mwenzangu wa kubeba nyama. Alitazama viatu vyake.

"Shemeji, mtafute mtu mwingine."

"Nimtafute nani? Aliyemtoa Orrin kwenye meno ya dubu ni wewe."

Uso ulimwiva kama nyanya. "Basi nitabeba," akasema. "Lakini bunduki sishiki. Mwaka huu mimi mpagazi tu."

Jumanne, 9 Septemba

Shule. Supu ya kuku, wanafunzi mia na arobaini. Mabega yananiuma kwa masufuria. Vizuri, yaanze kuzoea mzigo.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimechukua bastola ya Orrin kabatini. Sikumwomba. Ni ya silinda, ya risasi sita, nzito kama pasi ya mkaa. Nikaipeleka kwa Bi Ardis, ambaye ana miaka sabini na mmoja na amefundisha nusu ya bonde hili kushika silaha. Nyuma ya nyumba yake kuna shimo la changarawe, na huko ndiko anakofundishia.

Aliniangalia nikiishika, akatikisa kichwa.

"Unaikamata kama unaiba kuku wa jirani. Kaza! Wakati wako ukifika hutaombwa radhi."

Nilipiga sita. Sahani ya karatasi niliyolenga haikujua hata kama nilikuwepo.

"Sikiliza, binti. Watu wanavaa chuma hiki wakidhani ni hirizi. Hirizi unavaa, unalala. Hiki usipokifanyia kazi kila siku, ni jiwe tu ulilojitwika. Mumeo alikuwa nacho. Kilikuwa wapi siku ile? Mtini!"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekivaa kiunoni. Kiunoni kuna mkanda wa begi, kuna koti, kuna mikono ya mwenzako. Kifuani. Ukila kiko kifuani, ukijisaidia kiko kifuani, ukipasua mnyama, hasa ukipasua mnyama, kiko kifuani."

Akaniambia pia ninunue kopo la pilipili ya kupulizia. "Upepo ukiwa mgongoni kwako, pilipili kwanza. Inamfukuza na hakuna anayekufa. Upepo ukikupiga usoni, utajipikia macho mwenyewe."

Nimerudi na malengelenge mawili kiganjani.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo tairi. Bi Ardis anapanda juu ya mteremko, anaweka boksi katikati ya tairi kuukuu, kisha analiachia linijie bila kusema "tayari". Natakiwa nichomoe na kulipiga kabla halijanifikia. Mara tisa limenigonga miguu.

"Umeshaliwa mara tisa," akapaza sauti kutoka juu. "Mazishi yako yatakuwa marefu!"

Mara ya kumi nililipiga pembeni. Nimefurahi kama mtoto, halafu nikaona haya kufurahi.

Jumatatu, 22 Septemba

Mazoezi ya kuchomoa, mara hamsini, bila risasi, jikoni. Orrin aliongeza sauti ya televisheni.

Jumapili, 28 Septemba

Nimekwenda msituni na Lyle kukata kuni za kanisa. Tulikuta kinyesi cha dubu njiani, kimejaa matunda, bado kinafuka moshi kwenye baridi. Lyle alibadilika rangi. Mkono wake ulikwenda kwenye bastola yake, ukaigusa, ukarudi.

Tukatoka tukapita mgahawani. Hawakumruhusu alipie kahawa. Hawajamruhusu mwaka mzima. Mzee mmoja alimpiga mgongoni: "Huyu ndiye simba wa bonde!" Lyle aliacha kikombe nusu akasema ana farasi wa kuhudumia. Siku ya Jumapili.

Zamani niliona ni unyenyekevu. Leo imenikera kidogo. Mtu akikupa sifa, si uipokee tu?

Ijumaa, 3 Oktoba

Theluji ya kwanza. Imeyeyuka kabla ya chakula cha mchana.

Jumapili, 12 Oktoba

Mazoezi jikoni. Mara ya thelathini hivi, sauti ya televisheni ilizimwa. Orrin akaja akasimama mbele yangu.

"Mkanda umelegea," akasema. "Ala inacheza. Ukichomoa, inakufuata."

"Basi nikaze vipi?"

Alitoa mkono ule kutoka kwenye blanketi. Kwa vidole viwili na mkono wa kushoto alihangaika na ule mshipi kama dakika tano, akihema, nami sikumsaidia. Alipomaliza akagonga ala kwa kifundo. Haikutikisika.

"Tena," akasema.

Nikachomoa.

"Polepole ndiyo haraka. Tena."

Tulifanya mpaka viazi vikaungua.

Jumamosi, 25 Oktoba

Bunduki zimeruhusiwa leo. Mimi na Lyle tulikuwa mlimani kabla ya jua, fulana za rangi ya chungwa juu ya makoti. Bunduki mgongoni, bastola kifuani, pilipili kiunoni. Hatukuona elki hata mkia. Tuliona alama za dubu kwenye tope, upana wa sahani yangu ya shuleni. Niliweka kiganja changu ndani yake. Kisha nikaendelea kupanda.

Jumapili, 26 Oktoba

Hakuna elki. Magoti yanauma.

Jumamosi, 1 Novemba

Elki kumi na mmoja upande wa pili wa korongo. Mbali mno kwa bunduki yangu. Niliwatazama saa nzima. Lyle akanong'ona, "Orrin angejaribu." Nikamwambia mimi si Orrin. Alitabasamu, mara ya kwanza tangu tuanze.

Theluji sasa haiyeyuki.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimempata! Jike mnene, risasi moja, saa mbili asubuhi, chini kidogo ya kilele. Nilipiga magoti kando yake nikaweka kiganja ubavuni mwake. Kisha nikampasua, bastola ikinisukuma kidevu kila nilipoinama. Sikuivua. Lyle alisimama akilinda, anageuka huku na huku kama kuku aliyeona mwewe.

Nyama tuliitundika mtini, hatua mia moja kutoka penye matumbo. Leo tumeteremsha nusu. Nilipofika nyumbani Orrin alikuwa amesimama kwenye lango. Alipokea paja zima begani akaingia nalo, kisha nilimsikia akipiga mluzi jikoni.

Kesho tunafuata yaliyobaki.

Jumapili, 9 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu, kama afande wa wanyamapori alivyonitaka niseme.

Tulifika saa tatu asubuhi. Upepo ulikuwa unashuka kutoka kileleni, unatupiga usoni. Niliwaona kunguru kwanza. Walikuwa juu ya miti, wengi, na hakuna hata mmoja aliyetua penye matumbo. Nikasimama. Kunguru hawaogopi watu kwa umbali ule. Walikuwa wanaogopa kiumbe kingine.

"Lyle," nikasema polepole, "nyama tuiache. Turudi nyuma."

"Ndiyo, shemeji. Turudi."

Tulirudi hatua tatu, nne, bila kugeuza migongo. Ndipo vichaka vikafunguka akatoka. Hakusimama kwa miguu miwili kama kwenye picha. Alikuja kichwa chini, masikio yamelala, manyoya ya mgongoni yamesimama. Niliinua mikono nikapiga kelele, "Wee! Tumekuona! Tunaondoka!" Alisimama kama hatua thelathini kutoka kwetu, akagonga taya, tak, tak, mate yakimwagika. Nikadhani yameisha. Nikarudi hatua moja nyingine.

Akaja.

Pilipili nilikuwa nayo kiunoni, lakini upepo ulikuwa machoni pangu. Mkono haukunisubiri nifikiri. Ulishafika kifuani. Nakumbuka niliona sehemu nyeusi katikati ya mabega yake nikaiambia nafsi yangu: bado. Bado. Sijui nilipata wapi neno hilo. Kisha nikafyatua. Aliyumba akaendelea. Nikafyatua tena. Mara ya tatu miguu ya mbele ilimkunjikia akateleza kwenye theluji mpaka hatua chache mbele ya viatu vyangu, akatoa pumzi ndefu, basi.

Nilibaki nimemwelekezea bastola muda mrefu. Risasi tatu zilikuwa zimebaki. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nikairudisha bastola kwenye ala.

Lyle alikuwa kando yangu. Ala yake ilikuwa wazi na mkono uko juu ya mpini, lakini hakuwa amechomoa. Midomo ilikuwa inachezacheza. Sikumlaumu. Wakati ule sikumlaumu.

Tuliteremka mpaka simu ikashika, nikapiga kwa askari wa wanyamapori. Dubu hawa wanalindwa na sheria. Ukiua mmoja unaeleza. Afande Tessa Pruitt alikuja na mwenzake mchana, tukapanda nao. Walipima kwa kamba. Hatua saba risasi ya kwanza, hatua tatu alipoangukia. Walipiga picha, wakapima upepo. Afande alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika.

"Mama, ungemngoja zaidi nisingekuwa naongea nawe," akasema. "Ungepiga mapema zaidi ningekuwa na maswali. Nipeni silaha zote niandike namba."

Nikampa yangu. Lyle akachelewa kidogo, kisha akampa yake. Afande akafungua silinda, akaiinua. Mwanga wa theluji ulipita katika matundu yote sita.

"Bwana Brekke, hii haina risasi."

"Najua."

"Ulisahau?"

"Hapana."

Alimtazama, akanitazama mimi, akairudisha.

Ndani ya pikapu nilingoja mpaka tukaingia barabara ya lami.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Yaani umetembea nami wikendi tatu kwenye nchi ya dubu na chuma kitupu? Kwa nini, Lyle?"

Alikuwa anatazama dirishani. "Shemeji, mkono wa Orrin haukuliwa na dubu."

"Unasema nini?"

"Dubu alimkamata uso na bega. Orrin akainua mkono amsukume. Mimi nilipiga risasi nne. Moja ilipita pale."

Nilisimamisha gari. Ukungu wa pumzi zetu ulikuwa umejaa kwenye vioo.

"Shuka."

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji. Shuka!"

Alishuka. Nilimwacha kando ya barabara, maili tano kutoka kwake, theluji ikianza kuanguka. Kwenye kioo nilimwona anatembea, mgongo umepinda, hata hakuinua mkono kuniomba nirudi.

Jumatatu, 10 Novemba

Jana nilishindwa kumaliza.

Orrin alikuwa jikoni anakata nyama. Nilimweleza habari za dubu. Aliacha kisu akanishika usoni, akanigeuza huku na huku kuona kama nimekamilika. Kisha nikamwambia maneno ya Lyle. Hakushtuka.

Hapo ndipo niliposhtuka mimi.

"Ulijua!"

"Nilijua palepale. Jino linavuta. Risasi inapita."

"Daktari je?"

"Alikuta kipande cha risasi. Mkuu wa polisi alikuja hospitalini, akaniuliza, nikamwambia ni ajali. Lyle naye akamwambia vilevile. Akaandika ajali akafunga faili. Na ni ajali, Marlys."

"Kwa hiyo wote mnajua. Daktari, polisi, Lyle, wewe. Mimi ninayekufunga vifungo vya shati kila asubuhi, mimi ndiye nisiyejua?"

Akakichukua kisu akakifuta.

"Na nyie wawili? Mlishazungumza?"

"Hatujawahi."

"Mwaka mzima anakuja hapa anakunywa kahawa, jambo hili limekaa nanyi mezani, na hamjawahi?"

"Nimwambie nini?" Akakaa chini kwa uzito. "Risasi ya pili ndiyo iliyonipata mimi. Ya tatu ndiyo iliyomtoa dubu juu yangu. Nikimlaumu kwa ya pili, nimshukuruje kwa ya tatu?"

"Na mimi ungeniambia nini? Kweli tu."

"Wewe ulikuwa unamchukia dubu," akasema. "Nikaona umepata wa kumchukia. Nikaacha."

Nilitoka barazani nikasimama bila koti. Nilikuwa nimeua dubu saa chache zilizopita. Nilijiuliza kama nilimpiga kwa sababu alikuwa anakuja, au kwa ajili ya mkono ambao ukoo wake haukuugusa. Nimeuliza jana, nimeuliza leo nikikoroga mchuzi wa watoto. Jibu ninalolipata ni hatua saba. Mwenye chuki hangengoja mpaka hatua saba. Nalishikilia jibu hilo kwa mikono yote miwili, maana sina jingine.

Alhamisi, 13 Novemba

Sisemi na mtu. Nimepika.

Jumapili, 16 Novemba

Jumapili ya kwanza Lyle hajaja. Orrin alikaa barazani tangu asubuhi mpaka saa sita, akaingia, akasema, "Umemwacha barabarani theluji inaanguka."

"Ndiyo."

"Yule amenibeba maili mbili."

"Ndiyo, Orrin. Na wewe umeniacha gizani mwaka mzima. Tuanze na lipi?"

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda kwa Bi Ardis. Nilidhani atanipongeza. Alinimiminia chai akasema, "Sasa umejua. Chuma hiki hakina akili. Kinakwenda kinakoelekezwa na mkono, na mkono unakwenda na moyo. Wa kwako ulitulia. Wa mwenzako haukutulia. Wewe ulipigwa na tairi langu mara tisa kwanza. Yeye nani alimviringishia tairi?"

Nilimaliza chai nikaaga.

Nikapita kwa Lyle. Alikuwa kwenye banda, kwato ya farasi mapajani.

"Nilikosea kukuacha barabarani," nikasema. "Kwa hayo mengine bado nina hasira. Alhamisi ni Sikukuu ya Shukrani. Utakuja kula."

"Shemeji, sidhani kama..."

"Sikukuuliza unadhani nini. Saa nane mchana. Ukichelewa nitakufuata."

Alhamisi, 27 Novemba

Hakuchelewa. Alikuja na tai, sijui aliitoa wapi.

Sikupika bata mzinga. Nilioka paja la elki, nikaweka viazi, maharage, mkate. Tulikaa watatu. Orrin akainua uma.

"Weka chini," nikasema. "Hakuna anayekula mpaka mmoja wenu aseme."

"Nyama itapoa, Marlys."

"Ipoe."

Lyle alilegeza tai.

"Nilikupiga risasi, Orrin."

"Najua."

"Najua kwamba unajua." Akaisogeza sahani yake. "Lakini kuna jambo hulijui. Hata polisi sikumwambia. Risasi ya pili nilifumba macho."

Nikaona shingo ya Orrin inapanda damu. Ghafla akapiga meza kwa mkono ule mbovu, sahani zikaruka, akainuka akatoka nje akabamiza mlango. Lyle naye akaanza kuinuka. Nikamshika mkono wa shati.

"Kaa."

"Ananichukia."

"Ana haki. Kaa hapohapo."

Dirishani tulimwona Orrin anatembea kutoka lango mpaka banda, banda mpaka lango, bila kofia. Mwaka mzima sikuwahi kumwona na hasira. Nilidhani ni ustahimilivu. Kumbe alikuwa ameikalia, na blanketi juu yake.

Alirudi baada ya nusu saa, masikio mekundu. Akasimama mbele ya Lyle.

"Ulifumba macho."

"Ndiyo."

"Mimi niko chini ya dubu, na wewe umefumba macho."

"Ndiyo, Orrin."

"Mpumbavu wewe."

"Ndiyo."

"Mpumbavu mkubwa. Miaka arobaini na mitano nakujua, hukuwahi kuwa mpumbavu hivi." Alivuta kiti akakaa. "Ya tatu je? Ulifumba?"

"Ya tatu nilifumbua. Nilikuona wewe. Nikamwona na yeye."

Orrin akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa.

"Nipe viazi," akasema.

Tulikula vimepoa. Walipomaliza, Orrin alimwambia Lyle, "Jumamosi uko kwa Bi Ardis. Usije hapa kabla hajakufumbua macho."

Na kabla ya kulala Orrin aliniambia neno nililolingoja wiki mbili na nusu. Halitaandikwa hapa. Nimelipokea.

Jumamosi, 29 Novemba

Nilikwenda kuangalia. Bi Ardis alimweka Lyle chini ya mteremko na risasi sita ndani ya silinda, zake mwenyewe, alizompa mojamoja kama anayempa mtoto peremende. Moja ilimponyoka Lyle ikaanguka kwenye theluji.

"Okota. Haiumi!"

Tairi la kwanza hakupiga. La pili hakupiga. La tatu lilimwangusha.

"Nyanyuka, simba wa bonde! Macho wazi! Nataka nione weupe wake mpaka huku juu!"

La sita alipiga katikati ya boksi. Aliketi kwenye changarawe akalia, na Bi Ardis akateremka na fimbo yake akakaa kando yake asimguse.

Jumapili, 30 Novemba

Siku ya mwisho ya msimu.

Saa moja asubuhi nilipotoka kuwasha pikapu nilimkuta Orrin amekaa ndani, fulana ya chungwa mwilini, bunduki yake kati ya magoti.

"Nina kibali cha kulungu," akasema, "na nina mkono wa kushoto. Twende kabla sijabadili mawazo."

Tulimpitia Lyle. Tulipofika mwanzo wa njia ya Korongo la Tveit tulishuka, kila mmoja akakagua silaha yake. Lyle alifungua silinda akamwonyesha Orrin bila kuulizwa. Ilijaa. Mimi nilitangulia, maana sasa njia naijua. Lyle akajisogeza ili awe wa pili, asitembee na silaha iliyojaa nyuma ya Orrin.

Orrin hakuondoka pale aliposimama.

"Hapana," akasema. "Wewe tembea nyuma yangu."

"Orrin, afadhali mimi..."

"Nyuma yangu, Lyle. Nataka mgongo wangu uwe na mtu."

Lyle akampisha. Nilisikia viatu vyao vikianza kukanyaga theluji, jozi moja kisha nyingine, nikageuka mbele nikapanda.

Karibu na saa tano kulungu dume alisimama kwenye uwazi, hatua themanini. Orrin aliegemeza bunduki kwenye bega la kushoto, akahangaika, akafyatua. Theluji iliruka mbali kabisa juu ya mgongo wa kulungu, naye akatutazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi, kisha akajiendea zake.

Halafu nyuma yake Lyle akasema:

"Nawe ulifumba macho?"

Orrin aligeuka polepole. Ndipo akaanza kucheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu mwaka jana, akacheka mpaka akalazimika kushika mti, na Lyle naye akashindwa, wanaume wazima wawili wanapiga kelele mlimani, wanafukuza kila mnyama mpaka wilaya ya jirani. Mimi nilisimama juu zaidi kwenye njia, mkono kifuani, macho kwenye vichaka, nikiwangoja wamalize.